Jenereta ya Upepo Inapokataa Kuzunguka

Ndugu mkulima, labda umejitengenezea jenereta ya upepo ili upate taa nyumbani. Upepo wavuma, mahindi yanayumba, lakini mapanga yake hayaendi. Ukiyasukuma kwa mkono, wasikia yakikwama, yakiachia, kisha yakikwama tena. Kabla ya kununua mapanga makubwa zaidi, chunguza viini vya koili, yaani vile vyuma ambavyo waya wa shaba umezungushiwa.

Sababu yake
Sumaku huvuta chuma. Kila inapopita mbele ya kiini hushikwa, na upepo mdogo hauwezi kuibandua. Tena, kiini cha chuma kizima huzungukwa ndani na umeme usio na kazi, ambao hukitia joto. Nguvu ya upepo hupotea humo.

Jaribio
Zungushia ekseli kamba, na mwishoni ning'iniza kopo. Tia punje za mahindi kidogo kidogo mpaka ekseli ianze kuzunguka. Hesabu punje hizo. Kisha zungusha ekseli kwa mkono mara 60 kwa dakika, usome volti. Rudia mara tatu na uandike. Fanya hivyo kwa viini hivi, bila kubadili waya wa koili:
1. Bolti nzima.
2. Fungu la waya mwembamba wa chuma, uliopakwa vanishi.
3. Kijiti kikavu cha mti.

Utaona nini?
Bolti hutaka mahindi mengi, ingawa volti zake ni nzuri. Fungu la waya bado hukwama, ila likienda kasi halipati joto kama bolti. Kijiti hutaka punje chache na ekseli huzunguka taratibu, lakini volti hupungua. Upungufu huo hufidiwa kwa kuongeza waya, au kwa kuweka sumaku pande zote mbili za koili. Hugh Piggott wa Uskoti amefundisha watu wengi njia hii: koili zisizo na chuma hufungwa ndani ya rezini, katikati ya visahani viwili vya sumaku. Basi penye upepo hafifu, koili isiyo na chuma yafaa zaidi.

Uzito usioondoka
Sasa unganisha taa. Ekseli itakuwa nzito tena, hata kwa kijiti. Hilo si kosa lako. Lenz alieleza jambo hili mwaka 1834: umeme unaozaliwa hupinga mwendo unaouzaa. Ukitaka wati 20 za taa, sharti upepo utoe zaidi ya wati 20. Hakuna kiini kitakachobadili hesabu hiyo.

Kwa hiyo jihadhari na mtu anayeuza jenereta "isiyotumia chochote", wala upepo, wala maji, wala mafuta, wala jua. Mwambie aondoe betri zote, kisha aiwashie taa usiku kucha mbele yako. Akikataa, fedha zako za mbolea na za karo zibaki mfukoni.

Angalizo: sumaku kali huponda vidole. Funga mapanga kwa kamba kabla ya kugusa nyaya, maana jenereta isiyo na mzigo yaweza kutoa volti za hatari upepo ukizidi.