Kijumba cha Mbao Kando ya Ziwa Victoria: Mafunzo Niliyopata

Kuchora kijumba cha mbao cha chumba kimoja na baraza, nje kidogo ya Mwanza, kumenifunza kwamba ziwa ndilo la kusikilizwa kwanza, mteja baadaye.

1. Uliza habari za maji kabla ya kupima kiwanja. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likapita rekodi ya miaka ya 1960, na 2024 likapanda zaidi. Wavuvi watakuonyesha maji yalipofika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita hizo hulinda matete na mazalia ya samaki, na humlinda mwenye nyumba pia.

2. Inua sakafu juu ya nguzo fupi za zege. Kila nguzo ivishwe kofia ya bati, kingo zake zikunjwe kuelekea chini. Mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo; wakikutana na bati hulazimika kulizunguka kwa nje, na hapo njia yao huonekana, ukaivunja kwa ufagio. Acha nafasi ya mtu kuingia chini na tochi.

3. Nunua mbao mapema. Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, ni nyepesi na bei yake inashikika, ila ikiwa mbichi husinyaa na ukuta huachia nyufa. Zipange kivulini, katikati ya tabaka ukiweka vipande vyembamba ili hewa ipite. Zinazokaribia ardhi ziwe zimetiwa dawa.

4. Fuata jua na upepo. Karibu na Ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo huungua. Kwetu ziwa lilikuwa magharibi, kwa hiyo upande huo ulipata baraza pana na paa lililoteremka. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu. Madirisha yatazamane, yote yawe na wavu.

5. Choo kichorwe pamoja na baraza. Majirani huchota maji hapo hapo mgeni anapotazama machweo. Shimo likae nyuma ya kijumba, mbali na ufuko, hata kama bomba litarefuka na gharama kupanda. Mandhari tunayoiuza ni maji ya kunywa ya mtu mwingine.