Homa Inayoondoka na Kurudi

Mtoto ana homa kali. Zahanati wanampima malaria kwa kipimo cha haraka, hana. Siku ya nne homa imekwisha, mtoto anacheza. Baada ya wiki moja homa imerudi! Majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi.

Kabla ya uchawi, tumfikirie papasi.

Papasi ni jamaa ya kupe, lakini hangoji malishoni. Hukaa ndani, katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu kama nusu saa, hurudi kujificha. Asubuhi humwoni. Mwaka 1905 Daktari Robert Koch, Mjerumani, aliwachunguza papasi hapa nchini akakuta vijidudu vya homa hii hata ndani ya mayai yao. Yaani papasi huwarithisha watoto wake! Mwaka huohuo, huko Kongo, Daktari Dutton wa Uingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu alikufa kwa homa hiyohiyo. Sisi wa Lushoto, tulioonja tauni ya viroboto kuanzia 1980, hatuwezi kumdharau mdudu kwa udogo wake.

Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vijidudu vya papasi. Damu iwekwe kwenye kioo, itazamwe kwa hadubini, tena wakati homa ipo. Basi mama, mwambie mganga wa zahanati: "Homa hii iliondoka, sasa imerudi." Maneno hayo yatamsaidia sana. Dawa ipo. Ila baada ya dawa ya kwanza mgonjwa huweza kutetemeka na kuzidiwa kwa saa chache, kwa hiyo asitibiwe nyumbani kwa vidonge vya dukani.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Siku hizi wako na wengine. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Uloto ni ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Mtoto hupewa dawa za kushusha kinga ili mwili upatane na uloto wa ndugu yake. Kinga ikishuka, ugonjwa wowote huwa mzito. Kwake kupata homa ya papasi ni nadra, lakini mkoa huo unajulikana kwa papasi tangu zamani. Mzazi akifikia kwa jamaa huko, aangalie mtoto analala wapi: kitanda kiwe mbali na ukuta, chandarua kichomekwe, nyufa zizibwe, asilale mkekani.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
Nani kati yetu amewahi kuona homa iliyorudi? Alipimwaje?
Nyumbani kwako nyufa ziko wapi?