Kaske Chafu, Irabu Iliyopotea: Somo la Kutunza Chombo cha Unukuzi

Mwaka jana nilinukuu ngano sita za Kinande kutoka kwa babu mmoja wa upande wa Lubero aliyekuwa akiishi hapa Goma. Nilipompelekea mwalimu wangu kurasa za kwanza, aliniuliza swali moja tu: "Mbona irabu zako za juu zote zinafanana?" Nilikuwa na jibu tayari. Pembeni mwa daftari nilikuwa nimeandika: *mzungumzaji ameathiriwa na Kiswahili*. Mwalimu akanyoosha mkono, akachukua kaske yangu, akaigeuza. Ngozi ya mito ilikuwa imebanduka vipande vipande, na ndani ya wavu kulikuwa na vumbi jeusi. "Aliyeathiriwa ni nani?" akauliza.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Chombo hiki Dar es Salaam wengi wanakiita hedifoni, na vitabuni utakuta vipokea sauti vya masikioni. Sisi wa Goma tumelitoa neno letu katika Kifaransa, tunasema kaske. Katika somo hili nitatumia kaske, nikimaanisha ile kubwa inayofunika sikio zima.

Irabu ilipotea wapi?

Kinande kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Tazama erihuka (kupika) na erilima (kulima). Kwa maandishi ya kawaida kiambishi ni kilekile, eri-. Kwa sikio ni viwili. Katika erihuka, shina la ulimi husogea mbele, na kiambishi kinaufuata mzizi. Katika erilima, shina la ulimi halisogei mbele, na kiambishi kinafuata vilevile. Huo ndio uwiano wa irabu. Kwa irabu za juu kama hizi, tofauti hiyo hukaa sana katika fomanti ya kwanza, chini ya hezi 500 hivi.

Kaske iliyofungwa hutegemea mito yake ikumbatie sikio bila upenyo. Mto ukichakaa, hewa hupenya, na sauti za masafa ya chini ndizo hutoroka kwanza. Wavu ukizibwa na vumbi na nta ya masikio, hufifia zaidi zile za masafa ya juu, na hapo s na sh zinaanza kukaribiana. Mnukuzi hajui kilichopotea. Huandika alichosikia, kisha humsingizia mzungumzaji.

Vumbi la kwetu

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji Januari 2002, na Mei 2021 lava ikafika tena kwenye viunga vya mji. Mawe hayo husagwa na magurudumu kila siku, na vumbi lake ni gumu, lenye kona kali. Isitoshe, baadhi ya chembe zake zina chuma. Ndani ya kaske kuna sumaku, na chembe hizo hunaswa. Zikifika kwenye kiwambo, ule utando mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti, utasikia mkwaruzo kila msemaji anapopaza sauti.

Hatua za kusafisha

1. Chomoa waya, nawa mikono, kausha. Tandika kitambaa cheupe mezani ili uone kinachoanguka.

2. Toa mito. Kwenye kaske nyingi za kazi, kama Sony MDR-7506 au Beyerdynamic DT 770, mto umevalishwa ukingoni tu. Uvute taratibu kwa vidole ukizunguka.

3. Elekeza wavu chini, kisha piga brashi laini na kavu. Mswaki mpya laini unafaa. Ukielekeza wavu juu, unalisukuma vumbi ndani. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Usimpelekee fundi wa matairi akupulizie kwa kompresa, maana kiwambo kitachanika.

4. Mito ya ngozi bandia ipanguse kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni laini, kikakamuliwa sana. Rudia kwa maji matupu, kisha kausha. Alkoli hukausha ngozi hiyo hadi ipasuke. Mafuta ya taa na sabuni ya unga huiharibu pia. Mito ya kitambaa cha mahameli, ikishatolewa, inaweza kufuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini hadi ikauke kabisa.

5. Ncha ya waya ipanguse kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, na usiichomeke kabla haijakauka.

6. Mto uliopasuka hausafishiki. Nunua mwingine wa modeli ileile. Ni nafuu kuliko kaske mpya.

Baada ya kazi, usiufunge waya kwa kukaza ukizungushia kinasa sauti. Waya hukatikia karibu na ncha. Weka kaske ndani ya kisanduku, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana hewa ya ziwani ina unyevu mwingi wakati wa mvua. Kama darasa zima linatumia kaske moja, panguseni mito kila anapomaliza mtu; uchafu wa sikio unaambukiza.

Jaribio

Jirekodi kwa maikrofoni moja ukisema erihuka, erilima, au maneno yoyote ya lugha yako yanayokaribiana. Hakikisha sauti inatoka sawa pande zote mbili, kisha sikiliza. Upande mmoja ukiwa dhaifu, geuza kaske: wa kulia uwe kushoto. Udhaifu ukihamia sikio la pili, mgonjwa ni kaske. Ukibaki kwenye sikio lilelile, mgonjwa ni sikio lako, nenda kwa daktari. Wala usitibu kaske chakavu kwa kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na msimu wa tasnifu saa hizo huisha haraka.

Kilichobaki

Niliweka mito mipya, nikarudi kwenye rekodi ya kwanza. Babu alikuwa ametamka kila kitu. Erilima yake ilikuwa erilima, erihuka yake ilikuwa erihuka, na viambishi vilifuata mizizi kama vinavyotakiwa. Nilinukuu upya ngano zote sita. Ilinichukua miezi miwili.

Nilitaka kumsomea kurasa hizo mpya na kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshahama Goma na wanawe, na namba yake haipokelewi tena. Nimebaki na sauti yake tu. Ile sentensi ya pembeni nimeifuta kwa wino mwekundu, ila ukurasa sikuuchana. Wenzangu, kabla hamjaandika kwamba mzee fulani ameipoteza lugha yake, toeni mito ya kaske kwanza mwangalie ndani.

Zoezi. Chagua dakika moja ya rekodi uliyonukuu kabla ya kusafisha kaske. Safisha, inukuu upya bila kutazama nakala ya zamani, kisha linganisha. Hesabu tofauti, na kwa kila moja eleza: ni irabu, konsonanti, au toni?