Chakula cha msingi cha chura mteuzi

Chakula cha msingi cha chura wa kufugwa ni kile anachoweza kupewa mlo baada ya mlo, mwaka baada ya mwaka, bila kumnenepesha kupita kiasi wala kumlegeza mifupa. Vingine vyote ni vionjo. Wafugaji wengi huanza kwa kionjo, chura akakizoea, kisha wakalalamika kwamba anachagua chakula. Chura wa pembe wa Amerika Kusini ni mfano mzuri wa jambo hili, hasa aina ya Ceratophrys cranwelli inayotoka nyanda za Gran Chaco huko Argentina, Paraguay na Bolivia, ambayo sasa huzalishwa na kufugwa sana Marekani, Ulaya na Japani. Ni chura wa mviringo mwenye mdomo mpana karibu sawa na mwili wake, na sifa yake kuu ni ulafi. Hata hivyo, malalamiko kwamba amegoma kula ni ya kawaida sana kwa wanaomfuga.

Chanzo kimo katika namna anavyowinda. Chura huyu hakimbizi mawindo. Hujifukia ardhini, akaacha macho na mdomo tu, akasubiri kitu kipite. Ulimi wake unanata kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa mwili wake mwenyewe, lakini hauchomoki mpaka macho yaone kitu kikisogea. Watafiti wa chuo cha MIT, Jerome Lettvin na wenzake, walionyesha mwaka 1959 kwamba jicho la chura huchuja mambo kabla hayajafika kwenye ubongo, na kinachopita kwa urahisi ni kitu kidogo kinachotembea. Mdudu aliyetulia ni sawa na jiwe. Kwa hiyo mdudu mwenye lishe bora ambaye hujificha au hujifanya amekufa hafai kitu mpaka mfugaji amtikise. Sehemu kubwa ya kinachoitwa uteuzi ni chura kutoona chakula.

Baada ya mwendo wa mdudu, jambo la pili la kupima ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi. Lengo ni kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi, na karibu wadudu wote wanaouzwa kwa ajili ya kulisha wanyama wamepinduka upande wa pili. Nyenje aliyekomaa ana fosforasi mara saba hivi ya kalsiamu yake. Chura akilishwa hivyo kwa miezi bila nyongeza, mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na taya lake, ambalo ndilo silaha yake, hulainika mapema. Kosa hili hurekebishwa kwa unga wa kalsiamu. Mafuta yaliyozidi ndani ya mdudu hayana unga wa kuyaondoa, na ndiyo maana kiwango cha mafuta kinastahili kutazamwa kwanza wakati wa kuchagua.

Kwa kipimo hicho, nyungunyungu mkubwa anashinda. Aina inayotumika sana ni Lumbricus terrestris, ambaye Marekani huuzwa kama chambo cha wavuvi, na wengi wao huokotwa kwa mikono usiku katika mashamba ya Ontario, Kanada. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji, protini ni kama asilimia 10, na mafuta hayafiki asilimia 2. Hana ganda gumu la kuziba utumbo, na hujinyonganyonga mwenyewe mbele ya chura bila kuhitaji msaada. Kalsiamu yake hutegemea udongo alimolelewa, hivyo unga bado unahitajika. Dukani ni lazima kuuliza kama minyoo hao wametiwa rangi, maana kuna wanaopakwa kijani ili samaki wawaone vizuri. Hao waachiwe wavuvi. Waliobaki husuuzwa kwa maji yasiyo na klorini, hukatwa vipande kama ni wakubwa mno, na huwekwa kwenye jokofu ndani ya udongo wenye unyevu.

Ipo aina moja ya nyungunyungu inayoharibu sifa ya wenzake. Ni yule mwekundu mdogo wa kutengenezea mboji, Eisenia fetida. Akiguswa hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya na ladha chungu, na vyura wengi humtema papo hapo. Chura aliyeonjeshwa huyo kwanza anaweza kumkataa hata nyungunyungu mzuri wiki inayofuata, na mfugaji akahitimisha bure kwamba chura wake hapendi minyoo.

Baada ya nyungunyungu huja mende wa Dubia, Blaptica dubia, ambaye naye ametoka Amerika Kusini. Hapandi kuta laini, hapigi kelele, hazaliani ovyo ndani ya nyumba zenye baridi, na ana nyama nyingi kuliko nyenje. Wenye kinyaa na mende wa jikoni huchelewa kumkubali, na hilo linaeleweka. Kasoro yake kubwa ni kwamba akitishwa hutulia au huchimba, na hapo chura hamwoni tena. Apewe kwa kibano tu. Kanada wamemkataza, kwa hiyo sheria ya mahali itazamwe kabla ya kununua.

Nyenje ana mwendo unaomvutia chura yeyote, ila akiachwa ndani ya tangi usiku kucha anaweza kumng'ata chura ngozi. Upatikanaji wake pia umewahi kuyumba: virusi vinavyoshambulia Acheta domesticus viliangusha mashamba mengi ya nyenje Amerika Kaskazini mwaka 2009 na 2010, na baadhi ya wazalishaji wakahamia Gryllodes sigillatus, ambaye ni mdogo na ana mbio zaidi. Uingereza, vikopo vya nzige huuzwa katika maduka ya wanyama, wakiwemo nzige wa jangwani wale wale walioshambulia mashamba ya Kenya mwaka 2020. Ni chakula kizuri, laini kuliko anavyoonekana, ila Marekani haruhusiwi.

Funza wa nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambao wafugaji wa kuku na samaki wa Kenya na Tanzania sasa wanawajua vizuri, ni wa pekee kwa kuwa wana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi bila kuongezewa chochote. Kwa chura mdogo ni msaada mkubwa. Kwa chura wa pembe aliyekomaa ni wadogo mno kumshawishi, na ngozi yao ngumu mara nyingine hutoka nzima kwenye kinyesi. Kiwavi wa hariri ana mafuta kidogo na chura humkubali haraka; bei yake ndiyo humzuia kuwa msingi.

Wasiofaa kuwa msingi ndio ambao vyura huwapenda kupita wote. Kiwavi wa nta ni karibu robo mafuta kwa uzito. Buu mkubwa wa Zophobas na buu wa unga wana mafuta kati ya asilimia 13 na 18 na ganda gumu. Kitoto cha panya kina kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi, lakini kikipewa mara kwa mara humnenepesha chura haraka, na lishe yenye lehemu nyingi imehusishwa na ukungu mweupe kwenye konea za macho ya vyura wa kufugwa. Video za chura akimeza panya hutazamwa sana. Mnyama aliyemo ndani yake mara nyingi ni mnene mno. Wadudu wa bustanini nao waachwe, kwa sababu ya viuatilifu, na vimulimuli wasiguswe kabisa kwani baadhi yao wana sumu inayoweza kuua.

Mdudu hubeba tumboni alichokula. Siku moja au mbili kabla ya kutolewa kwa chura, nyenje na mende wapewe sukuma wiki, karoti na viazi vitamu. Unga wa kalsiamu usio na fosforasi, wenye vitamini D3, hupakwa papo hapo kabla ya kulisha, maana nyenje huanza kujisafisha mara moja. Vitamini A nayo inahitajika mara chache kwa mwezi, na iwe ya retinoli, kwa kuwa vyura hawamudu vizuri kubadili karotini ya mimea. Upungufu wake huharibu utando wa ulimi usinate tena. Chura wa namna hiyo hurusha ulimi, hukosa, hurusha tena, kisha huacha. Huyo hachagui chakula, anaumwa.

Kumhamisha chura mteuzi kutoka kwenye kionjo kwenda kwenye msingi kunahitaji njaa na subira. Aliyekomaa na mwenye afya hula mara moja kwa siku 5 hadi 10, na kuruka wiki nzima hakumdhuru. Joto la tangi liwe nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Chini ya hapo mmeng'enyo hupungua na hamu huondoka. Jioni, nyungunyungu hushikwa kwa kibano cha mbao au plastiki, asogezwe polepole kando ya mdomo, akome, asogezwe tena. Kibano cha chuma ni hatari kwa taya linalofunga kwa nguvu kiasi hicho. Akikataa kwa dakika chache, chakula kiondolewe na kisibadilishwe na kionjo siku ile ile, maana hapo ndipo anapojifunza kwamba kukataa kunalipa. Mzani wa jikoni utumike kila wiki: uzito usioshuka ni ushahidi kwamba hakuna haraka.

Tangi likikauka au kupoa, chura wa pembe hujifunga ndani ya ngozi zake zilizobambuka na kulala akisubiri mvua, kama afanyavyo Chaco wakati wa kiangazi. Dawa yake ni maji na joto. Lakini tumbo lililojaa bila kinyesi, miguu iliyokuwa myekundu, kutetemeka au taya laini ni kazi ya daktari wa mifugo.

Kwa chura wa pembe aliyekomaa, basi, milo miwili kati ya mitatu iwe nyungunyungu wakubwa na wa tatu mende au nyenje, vyote kwa unga wa kalsiamu, na kiwavi wa nta abaki wa siku ambayo chura anatoka katika ugonjwa na anahitaji kurudisha uzito.