Picha Iliyorudishwa: Funzo la Utafiti wa Nyanjani kutoka Kilifi

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili waendao Malindi na Kilifi kukusanya nyimbo, methali na ngano hufundishwa kuteua sampuli na kuandaa hojaji. Swali lisilosisitizwa ni hili: data ikishakusanywa, mwenyewe ni nani? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea kisa kimoja cha Wagiriama wa Kilifi.

Kisa cha Vigango

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Kwa itikadi yao, kuking'oa ni kualika maafa. Hata hivyo, vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, hata vikafika katika makumbusho ya Marekani.

Mnamo 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mbele ya vigango viwili vya nduguze marehemu. Aliporejea kumpelekea nakala ya picha hiyo, alikuta vigango vimekwisha kuibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika kongamano la kitaaluma huko Marekani, mtafiti mwenzake, Linda Giles, alionyesha slaidi za vigango vilivyohifadhiwa na chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Vilirejeshwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Mzee Mwakiru alikuwa ameshafariki, hakuviona tena.

Mafunzo kwa Mtafiti

Kwanza, picha ile ilikuwa ushahidi kwa sababu ilifungamana na jina, mahali na mwaka. Kanda isiyo na maelezo hayo ni bubu. Pili, mtafiti aliujua wizi huo kwa kuwa alirudi kwa mzee. Angeridhika na tasnifu yake, picha ingebaki pambo tu. Tatu, kumbukumbu iyo hiyo ingeweza kudhuru: picha ichapishwayo pamoja na jina la kijiji yaweza kumwelekeza mwizi. Hivyo basi, yapo yanayofaa kuandikwa daftarini lakini yasiyofaa kuchapishwa.

Aidha, kibali cha NACOSTI humruhusu mtafiti kufanya kazi nchini. Hakimfungulii mlango wa mwenyeji. Mlango hufunguliwa kwa hodi, na ridhaa huombwa kwa lugha anayoimudu msailiwa. Mzee wa Kigiriama akisailiwa kwa Kiswahili sanifu huenda akaitikia kwa adabu tu, na mtafiti akaihesabu adabu hiyo kuwa ridhaa.

Hitimisho

Data ya nyanjani ni amana. Ni kanda ngapi za mafanani wa pwani zimefungiwa makabatini vyuoni, ilhali wajukuu wao hawajapata kuzisikia? Inapendekezwa kwamba kila pendekezo la utafiti litenge siku na nauli ya safari ya pili, ile ya kurudisha.