Kuchagua Dawa na Vifaa vya Kunyoosha Nywele: Soma Lebo, Andaa Maji



Ufuta na alizeti vinapouzwa baada ya mavuno, fedha huanza kuzunguka katika minada na maduka ya Wilaya ya Chemba. Miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa wakati huo ni dawa za kunyoosha nywele, maana harusi na sherehe nazo huwa nyingi. Lakini msimu huohuo ndio kiangazi. Upepo mkavu wa nyanda za kati hukausha nywele zikawa ngumu na zisizoshikika, na maji huwa haba. Dawa kali na uhaba wa maji vikikutana juu ya kichwa kimoja, huweza kuleta madhara makubwa.

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo katika kila chumba ambamo kopo la dawa linafunguliwa. Katika somo hili tunaeleza namna mlaji anavyoweza kujikagulia mwenyewe kabla ya kununua na kabla ya kupaka.

1. Je, nywele zako zinahitaji kunyooshwa?

Nywele za kipilipili huota zikiwa zimejipinda. Mafuta yanayotoka katika ngozi ya kichwa hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, kwa sababu hulazimika kufuata mizunguko hiyo. Ndiyo maana nywele hizi hukauka upesi, na kiangazi hukauka zaidi. Mara nyingi kinachoitwa ukorofi wa nywele ni ukavu tu.

Tunashauri ujaribu kwanza kwa wiki 3. Osha nywele mara moja kwa wiki, tumia kondishna, paka mafuta zikiwa bado na unyevu, zisuke mabutu au twende kilioni, na uzifunge kitambaa usiku. Zikitulia, umeokoa fedha na ngozi ya kichwa. Ukiona bado unataka kuzinyoosha, endelea na hatua zifuatazo.

2. Fahamu njia nne na tofauti zake

Dawa yenye sodiamu haidroksaidi. Kwenye lebo huandikwa "sodium hydroxide". Kemikali hii ndiyo ileile kostiki soda inayotumiwa na watengeneza sabuni. Huvunja viungo vinavyoshikilia mpindo ndani ya unywele, na unywele ukishanyooka haurudi tena. Katika kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, dawa hizi huwa kati ya 12 na 14. Kila namba moja inayopanda huongeza ukali mara 10. Ngozi ya mtu huwa karibu na 5.

Dawa iliyoandikwa "No-Lye". Maana yake ni kwamba haina sodiamu haidroksaidi. Haina maana kwamba haina ukali. Nyingi huja na vyombo viwili vinavyochanganywa wakati wa kutumia, na pH yake nayo ni ya juu, yaweza kuunguza. Aidha, zile zenye kalsiamu huacha masalia yanayokausha nywele. Katika maeneo yenye maji ya kisima ya chumvichumvi, ambayo hayatoi povu kwa urahisi, ukavu huo huzidi. Vilevile, dawa zilizowekewa picha ya mtoto nyingi ni za jamii hii. Picha haipunguzi ukali, nasi hatushauri dawa yoyote ya kunyoosha nywele itumike kwa watoto.

Dawa za kunyoosha zinazoitwa za keratini. Hupakwa, kisha hupitishwa pasi ya moto. Baadhi yake hutoa mvuke wa fomaldehaidi zikipata joto. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukiona kwenye lebo maneno "formaldehyde", "formalin" au "methylene glycol", iache. Ukiwa saluni na mvuke ukaanza kuchoma macho na koo, toka nje. Msusi anayeuvuta kila siku yumo hatarini kuliko mteja wake.

Pasi ya nywele na kitana cha moto. Hivi havitumii kemikali, na nywele hurudi zilivyokuwa zikiguswa na maji. Hatari yake ni joto. Chagua pasi inayoonyesha nyuzi za joto. Usizidi nyuzi 180 za Selsiasi, na ushuke chini ya hapo kwa nywele nyembamba au zilizotiwa rangi. Nywele ziwe kavu kabisa kabla ya kupitisha pasi. Kitana kinachopashwa kwenye mkaa hakina kipimo, hivyo kijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, usikiguse kichwani. Hakikisha pia pasi imeandikwa volti 220 hadi 240. Pasi za mtumba zilizotengenezwa kwa volti 110 huungua zikichomekwa kwenye umeme wetu. Na kabla ya kuunganisha pasi na sola ya nyumbani, linganisha wati zake na uwezo wa mtambo wako. Sola ndogo ya taa na simu haitaiweza.

3. Soma ubavu wa kopo

Picha ya mbele hukuonyesha nywele za mtu mwingine. Yanayokuhusu wewe yameandikwa ubavuni. Tafuta:

– jina la bidhaa, la mtengenezaji na nchi ilikotengenezwa;
– orodha ya viambato;
– namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi;
– muda wa kupaka, maelekezo ya kutumia na tahadhari, kwa lugha unayoielewa;
– alama ya ubora ya TBS kwa bidhaa za hapa nchini. Kwa bidhaa za kutoka nje, muulize muuzaji iwapo imesajiliwa.

Usinunue dawa ya kupima iliyohamishiwa katika kikopo kisicho na lebo, hata kama ni rahisi. Kopo lililoanikwa juani mnadani kutwa nzima nalo liache, kwa kuwa joto huweza kutenganisha mchanganyiko, na sehemu moja ikawa kali kuliko nyingine.

4. Andaa maji kabla ya kufungua kopo

Tuchukue mfano wa kutunga. Binti mmoja anapakwa dawa nyumbani na shangazi yake, kesho yake kuna harusi. Baada ya dakika chache analalamika, "Shangazi, inaniunguza." Anajibiwa, "Vumilia mwanangu, ikiuma ndiyo inafanya kazi." Wanapokwenda kuosha, ndoo ni moja na imefika nusu. Dawa inabaki nyuma ya masikio na kisogoni, na inaendelea kula ngozi usiku kucha.

Hapa yamefanyika makosa mawili. La kwanza ni ile imani kwamba maumivu ni dalili ya dawa kufanya kazi. Maumivu ni dalili ya ngozi kuungua. Dawa ikianza kuchoma huoshwa papo hapo, hata kama nywele hazijanyooka. La pili ni maji. Dawa haikomi kufanya kazi kwa sababu muda umekwisha. Hukoma kwa kuoshwa. Tunashauri uwe na angalau ndoo 2 za lita 20 za maji safi karibu yako kabla ya kuanza, pamoja na shampuu maalumu ya kuzimulia dawa, ambayo aghalabu huuzwa pamoja nayo. Baadhi ya shampuu hizo hutoa povu la waridi dawa ikiwa bado imo, na povu jeupe ikiwa imekwisha. Ikiwa maji hayo hayapatikani siku hiyo, ahirisha. Nywele zilizosukwa vizuri zinatosha kwenda nazo harusini.

Zingatia pia haya:

– Usipake dawa juu ya kidonda au ukurutu, wala siku uliyofumua nywele au kujikuna.
– Paka mafuta ya mgando pembezoni mwa uso, masikioni na kwenye ngozi ya kichwa. Mpakaji avae glavu.
– Jaribu kwanza kwenye kishungi kidogo cha nywele.
– Usipitishe muda ulioandikwa kwenye lebo.
– Nywele zilizotiwa kalikiti zisipakwe dawa yenye haidroksaidi, zitakatika.
– Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Acha ipite miezi 2 hadi 3, kisha paka sehemu mpya tu iliyoota.

Kuhusu kutumia mara kwa mara, upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wanawake 33,497. Ulikadiria kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kati ya waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ni asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kupunguza idadi ya mara tunazopaka.

5. Madhara yakitokea

Dawa ikiingia jichoni, lishikilie liwe wazi na ulimiminie maji safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda katika kituo cha afya bila kuchelewa. Ngozi ikichubuka, osha kwa maji mengi. Usipake dawa ya meno wala majivu. Tunza kopo, lebo na risiti, halafu toa taarifa kwa ofisi ya TBS ya Kanda ya Kati, Dodoma. Bila kopo tunashindwa kujua bidhaa ilitoka wapi, na mwenzako ataweza kuuziwa ileile wiki ijayo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maneno "No-Lye" hayamaanishi kwamba dawa haiwezi kuunguza?
2. Utajuaje kwamba dawa imekwisha kichwani?
3. Muuzaji akikuambia, "Dada, hii ni ileile, nimeipunguza tu kwenye kikopo," utamjibu nini?
4. Leo, nyumbani kwako, kuna maji kiasi gani?