BARUA YA BIASHARA: KUMRUDISHIA MTEJA GHARAMA YA POSTA ILIYOZIDI

Swali

Wewe ni muuzaji mdogo wa kahawa ya kukaanga kwa njia ya mtandao katika kata ya Ihanda, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Mteja wako wa Dodoma amelipa gharama ya posta zaidi ya ile iliyotumika. Mwandikie barua kumjulisha kiasi kilichozidi na namna utakavyomrudishia.

Mtahiniwa, swali hili linaonekana jepesi. Wengi wanaolijibu wanakumbuka anwani mbili, wanaandika YAH, wanaomba radhi mara tatu, kisha wanafunga. Msomaji wa barua hiyo angebaki na swali lilelile alilokuwa nalo: fedha yangu ni kiasi gani, na kwa nini? Barua ya biashara inayohusu fedha hupimwa kwa jibu la swali hilo. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu kuandika anwani, fanya hesabu pembeni ya karatasi yako.

Hesabu kabla ya barua

Mbozi ni wilaya ya kahawa, na muuzaji wa Ihanda hana shida ya kupata bidhaa. Shida yake ni kwamba mnunuzi yuko mbali. Anapiga picha pakiti zake, anaziweka kwenye simu, mteja anachagua na kulipa kwa simu, halafu kifurushi kinapelekwa Vwawa kutumwa. Mteja hulipa gharama ya kutuma kabla kifurushi hakijapimwa kwenye mizani ya posta. Hapo ndipo tofauti inapozaliwa: alicholipa mteja ni makadirio, na kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya posta ni gharama halisi.

Tuchukue mfano. Pakiti moja ya nusu kilo inauzwa Sh. 9,000. Tangazo la duka linasema: "Gharama ya posta na kufungasha ni Sh. 8,000 kwa kila agizo." Tarehe 3 Juni mteja anaagiza pakiti mbili na kulipa Sh. 26,000. Tarehe 5 Juni, kabla mzigo haujaondoka, anaagiza pakiti ya tatu na kulipa Sh. 17,000. Jumla amelipa Sh. 43,000, ndani yake Sh. 27,000 ni bei ya kahawa na Sh. 16,000 ni ya kutuma. Wewe unaziweka pakiti zote tatu katika boksi moja. Posta wanapima na kukupa stakabadhi ya Sh. 10,500. Boksi na gundi ya karatasi vimekugharimu Sh. 1,000. Bodaboda ya kwenda Vwawa na kurudi, Sh. 2,000.

Kiasi kilichozidi ni kipi? Watahiniwa hutoa majibu matatu.

Wa kwanza anaandika 16,000 kutoa 10,500, anapata Sh. 5,500. Huyu amesahau kwamba tangazo lilitaja kufungasha pia. Wa pili anatoa kila kitu pamoja na bodaboda, anapata Sh. 2,500. Huyu anamtoza mteja kitu ambacho hakikutajwa. Safari ya bodaboda ni gharama ya kuendesha duka, kama vile vocha ya simu au umeme wa kuchaji. Ingepaswa kuwa ndani ya bei ya kahawa tangu mwanzo. Wa tatu anatoa 10,500 na 1,000 kutoka 16,000, anapata Sh. 4,500. Wa tatu ndiye aliyesoma tangazo, na jibu lake ndilo sahihi. Kama tangazo lingesema "gharama ya posta" tu, jibu la wa kwanza ndilo lingekuwa sahihi. Maneno machache katika tangazo yanabadili shilingi elfu moja, na hapa ndipo somo la Kiswahili linapoingia mfukoni mwa mtu.

Usiingize Sh. 43,000 zote katika mauzo. Mauzo ni Sh. 27,000. Zile Sh. 16,000 mteja amekukabidhi zikafanye kazi maalumu, na zinazobaki baada ya kazi ni deni lako kwake. Muuzaji anayechanganya fedha hizi mbili huona duka lina faida mwezi mzima, kisha anashangaa kwa nini hana mtaji wa kununulia gunia jingine.

Je, ni lazima kurudisha?

Swali la maswali mafupi linaweza kuja hivi: "Toa sababu za muuzaji kurudisha fedha iliyozidi." Usijibu kwa neno "uaminifu" peke yake. Tofautisha hali mbili.

Hali ya kwanza ni mteja kulipa kwa makosa: ametuma fedha mara mbili kwa sababu mtandao ulisuasua, au amebonyeza sifuri moja ya ziada. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iko wazi kwamba aliyelipwa fedha kwa makosa anawajibika kuirudisha. Hapa hakuna hiari.

Hali ya pili ndiyo ya mfano wetu. Mteja hakukosea, alilipa alichoambiwa. Kinachoamua ni makubaliano. Kama tangazo lilisema Sh. 8,000 ni bei maalumu isiyobadilika, muuzaji anaweza kudai kwamba amefanya kazi kwa bei aliyoitangaza, na siku posta ikizidi Sh. 8,000 hasara ni yake. Lakini katika mfano wetu Sh. 8,000 zililipwa mara mbili kwa kifurushi kimoja. Mteja wa Dodoma atakapolipokea boksi ataona limetumwa mara moja tu, na mara nyingi kiasi kilicholipwa posta huwa kimeandikwa kwenye fomu iliyobandikwa juu yake. Hana haja ya kuuliza mtu. Kwa muuzaji asiye na duka la kuingia kwa miguu, boksi hilo ndilo uso wake wote.

Namna ya kurudisha

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo zikafuata, kurudisha shilingi elfu chache kutoka Ihanda hadi Dodoma ni kazi ya dakika moja. Lakini kuna ada ya kutuma. Nani ailipe? Maoni ya mwandishi wa kitabu hiki ni kwamba ailipe muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekadiria. Ukikata ada ndani ya Sh. 4,500, mteja atapokea kiasi kisichofanana na kilichoandikwa katika barua, na barua yako itakuwa imesema uongo.

Kiasi kikiwa kidogo sana, kwa mfano Sh. 300, kukituma si busara: ada inaweza kukimeza. Mwombe mteja akubali kipunguzwe katika agizo lijalo. Neno muhimu hapo ni "mwombe". Usimwamulie.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Mtanzania yeyote mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Matapeli wanajua kwamba wauzaji waaminifu hurudisha fedha, na uaminifu huo ndio wanaouwinda. Mtu atakupigia akidai kuwa ametuma gharama ya posta mara mbili na anataka arudishiwe haraka, kwenye namba nyingine. Usisome ujumbe aliokutumia. Angalia salio lako mwenyewe na orodha ya miamala. Fedha ikiwa kweli imeingia, irudi kwenye namba ileile iliyoituma. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kutuma kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Barua ya mfano

Duka la Kahawa kwa Mtandao,
Kata ya Ihanda,
S.L.P. ………,
MBOZI – SONGWE.
10 Juni, 2024.

Kumb. Na. DK/06/2024/17

Ndugu ……………………,
S.L.P. ………,
DODOMA.

Ndugu,

YAH: KUKURUDISHIA GHARAMA YA POSTA ILIYOZIDI, SH. 4,500/=

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nimepokea maagizo yako mawili ya tarehe 3 na 5 Juni, 2024, na malipo ya Sh. 43,000/=. Kati ya hizo, Sh. 16,000/= zilikuwa za posta na kufungasha, yaani Sh. 8,000/= kwa kila agizo.

Kwa kuwa maagizo yote mawili yalikuwa bado hayajatumwa, nimeyafunga katika kifurushi kimoja kilichotumwa tarehe 7 Juni, 2024. Posta imetoza Sh. 10,500/= na vifungashio vimegharimu Sh. 1,000/=, jumla Sh. 11,500/=. Kiasi kilichozidi ni Sh. 4,500/= (shilingi elfu nne na mia tano tu).

Leo nimekurudishia kiasi hicho kwa namba ya simu uliyolipia. Ada ya kutuma nimeilipa mimi. Nakala ya stakabadhi ya posta imeambatishwa. Ukiona tofauti yoyote katika hesabu hii, tafadhali nijulishe.

Wako katika biashara,

(Sahihi)
(Jina kamili)
MMILIKI

Alama zinapotelea wapi

Tazama aya ya pili na ya tatu za barua hiyo. Kila tarakimu imetoka mahali panapoonekana, na mteja anaweza kuirudia hesabu akiwa na penseli. Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu tarakimu hugeuzwa kwa urahisi. Barua haina "natumaini u mzima wa afya, huku kwetu mvua zinanyesha". Hayo ni ya barua ya kirafiki.

Kosa la sarufi linalojirudia kila mwaka katika mada hii ni la unyambuaji. Mtahiniwa anaandika: "Nakurudisha Sh. 4,500." Kitenzi "rudisha" kikichukua kiambishi -ku- maana yake ni kumrudisha mteja mwenyewe, kana kwamba amekuja Ihanda na unampandisha basi la kwenda kwao Dodoma. Mteja ni mtendewa, kwa hiyo unahitaji kauli ya kutendea: rudisha, rudishia, rejesha, rejeshea, punguza, punguzia. "Nakurudishia Sh. 4,500." Irabu moja, -i-, ndiyo inayomweka mteja upande wa kupokea.

Kosa jingine ni "gharama lililozidi". Gharama iko katika ngeli ya I-ZI: gharama iliyozidi, gharama zilizozidi. Kiasi ni KI-VI: kiasi kilichozidi. Ukianza na kimoja katika sentensi, maliza nacho.

Kuhusu S.L.P.: usiiache. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi kama shirika linalojitegemea mwaka 1994, lilirithi utaratibu wa wateja kufuata barua zao kwenye masanduku, na anwani ya barua rasmi bado hujengwa juu ya sanduku hilo hata kama fedha yenyewe inasafiri kwa simu.

Jizoeze

1. Tunga sentensi mbili kwa kila kitenzi kuonesha tofauti ya maana: (a) tuma, tumia (kauli ya kutendea), (b) lipa, lipia.

2. Tangazo la duka linasema "gharama ya posta tu, Sh. 6,000 kwa kila agizo". Mteja wa Mwanza ameagiza mara tatu na kulipa kila mara. Mzigo umetumwa mara moja kwa Sh. 9,500, na boksi limenunuliwa Sh. 1,500. Tafuta kiasi cha kumrudishia, kisha eleza kwa sentensi mbili kwa nini bei ya boksi umeihesabu au hukuihesabu.

3. Mteja amelipa Sh. 8,000 za posta, lakini posta imetoza Sh. 9,200. Tangazo halikusema kama bei hiyo ni maalumu au ni makadirio. Mwandikie barua. Kabla ya kuandika, amua kama utamdai Sh. 1,200 hizo, na sababu yako ionekane ndani ya barua.